Mshika Mrija wa Baba

Kwenye ibada ya kumuaga baba, watu walisimama mmoja mmoja kumshuhudia, na karibu kila mmoja alirudia lile lile: Ndugu Barasa hakuwa na la kuficha, Ndugu Barasa alitembea nuruni. Nilikaa mstari wa mbele karibu na jeneza, mikono mapajani, nikitikisa kichwa kukubali kama mtoto mwema wa marehemu, huku tumboni nimebana neno kama mtu anavyobana kikohozi kanisani. Baba alikuwa na la kuficha. Lilikuwa moja tu, na lilinihusu mimi.

Tulipotoka, tukishuka kwa miguu kuelekea nyumbani Kisugu, upepo ukaleta harufu ya malwa kutoka nyuma ya nyumba fulani. Aliyekulia mitaa yetu haulizi ni nini: ulezi uliochacha, mvuke wa maji moto, moshi wa kuni na wanaume waliokaa pamoja tangu mchana. Shangazi zangu, waliokuja kutoka upande wa Kenya na vitambaa vyao vyeupe vichwani, waliziba pua. Mimi niliivuta mpaka ikaisha kifuani. Ilikuwa harufu ya baba yangu kabla Yesu hajaninyang'anya.

Mniwie radhi kwa kusema hivyo. Ninasali, nimeokoka kwa namna yangu, na watoto wangu wanajua zaburi. Lakini nilipokuwa na miaka minane nilimwonea Yesu wivu kama anavyoonewa mke mwenza, na naona tukifika umri huu tunaweza kuambiana ukweli.

Baba alikuwa fundi wa viti vya magari. Alikuwa na kibanda kando ya barabara, cherehani moja nzito, na marundo ya rekisini, ile ngozi ya bandia ya viti, ya kila rangi. Siku za kazi alikuwa mtu wa kimya, sindano mdomoni, jicho kwenye mshono. Jumamosi ikigonga saa tisa alifunika cherehani, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, kisha akaita, "Askari." Askari nilikuwa mimi. Niliacha chochote nilichokuwa nacho, hata kama ni chakula, nikaenda nyuma ya mlango kuchukua mrija.

Malwa hainywewi kwa glasi. Chungu kimoja huwekwa katikati, wanaume wakakizunguka kwenye viti, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mwenye nyumba hupita na birika kuongeza maji moto. Mrija ni mali ya mtu binafsi kama mswaki. Wa baba ulikuwa umekuwa mweusi kwa miaka, na kwenye ncha alikuwa ameufungia kichujio cha waya alichokisuka mwenyewe. Aliushonea ala ya rekisini nyekundu iliyobaki kwenye viti vya gari la maharusi, akauwekea mkanda wa kuvalia begani. Mkanda ule ulikuwa wa kipimo changu, si chake. Alinipima kwa futi yake ya kamba, bega mpaka kiuno, akiandika kwa chaki ukutani. Mama yangu hakuwahi kupimwa kitu. Hilo nililitambua mapema, na nilikuwa nalitembeza kichwani mwangu kama peremende.

Tulikuwa tunakunywa kwa Mama Achom. Nasema tulikuwa tunakunywa, ingawa mimi nilipewa karanga na maji. Pale kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyehitaji kufundishwa: mwanamume haachi mrija wake kiholela. Akienda haja ndogo huenda nao, au humpa mtu anayeweza kumkabidhi roho yake, maana binadamu wana chuki na sumu ni kitu kidogo. Wengine waliondoka nayo mikononi mpaka nyuma ya nyumba. Baba alinipa mimi. "Shika, Askari," alisema, nami nilisimama nikauziba kwa kidole gumba na kuwatazama wazee wote machoni. Siku moja dereva mmoja wa lori aliniomba nimshikie na wake. Nilikataa.

Mama Achom alicheka mpaka akaweka birika chini. "Weee, hapana cheza na huyu. Huyu iko serikali ya Barasa."

Nilikaa katikati ya magoti ya baba, na hapo yule mtu wa kimya alifunguka. Alisimulia ng'ombe wa babu yake, alimwigiza mwalimu wake aliyekuwa na kigugumizi, aliimba, na katika kila hadithi alitafuta pahali pa kuniingiza. Kwa hiyo akilini mwangu mambo yalikuwa wazi: baba aliishi kwa Mama Achom, na nyumbani alikuja kulala tu. Mama ndiye aliyeharibu. Tukirudi jioni alitukuta na uso wake ule, anauliza maswali, na mimi nilitumwa kwa jirani kuazima chumvi ambayo tulikuwa nayo. Safari moja niliporudi na chumvi nilimkuta ameushika mkono wake wa kushoto. Kesho yake ulikuwa na plasta. Baba aliniambia mama ameteleza kwa sabuni pale bafuni. Nikachukua mchanga na brashi, nikasugua sakafu ya bafu asubuhi nzima, nimemkasirikia. Mama naye, nilijisemea, hatazami anapokanyaga.

Halafu wakaja walokole. Ndugu Musoke alileta viti vya gari la kanisa vishonwe, akakaa kibandani siku tatu akingoja viti na kusema na baba. Sijui alimwambia nini. Jumapili iliyofuata baba alikwenda na mama ibadani, akarudi uso umevimba kwa kulia, na chakula kilipoiva alichukua mwiko akampakulia mama kwanza. Hata leo nikikumbuka mwiko ule unavyopita mbele ya sahani yangu ninasikia uchungu.

Wenzangu mliolelewa na walokole mnajua kutembea nuruni maana yake nini. Hakuna kutubu kimoyomoyo na Mungu wako chumbani. Dhambi inasemwa kwa jina lake, mbele ya ndugu, aliyekosewa akiwa anasikia, na vitu vya maisha ya zamani vinatolewa nje vichomwe. Ndugu Musoke na wenzake walikuja uani kwetu kwa kazi hiyo, mchana, wakiimba. Baba alikuwa amepanga vitu vyake juu ya bati: chupa za waragi, karata, hirizi aliyopewa na mjomba wake, na ala nyekundu ya mrija.

Alikiinua kimoja kimoja na kukisemea. Alipofika kwenye ala, aliishika kwa mikono miwili. "Huu mrija," alisema, "kwa ajili ya huu nilimsukuma mama ya watoto akavunjika mkono. Halafu nikadanganya mtoto yangu kwamba mama ameteleza."

Ndugu waliitikia wimbo. Mama alikuwa analia, na baba akaenda akasimama karibu naye, bega kwa bega, mbele za watu wote. Mimi niliona waziwazi kinachotendeka: anadanganya. Mimi nilisugua bafu lile, sabuni niliiona. Anajisingizia, nikawaza, ili watu hawa wampende.

Ala ikatupwa motoni, rekisini ikatoa moshi mweusi unaonuka. Ndani yake hamkuwa na mrija. Mlikuwa na ufito wa pazia la chumba changu, nilioutumbukiza asubuhi ile baba na mama walipokuwa wakioga waende kanisani. Mrija wenyewe ulikuwa chini ya godoro langu.

Siwezi kusema nilikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba kitu kile kilikuwa changu pia, na hakuna aliyeniuliza.

Miezi iliyofuata nyumba yetu ilikuwa na amani, na amani ile ilinila. Baba alimenya matoke na mama barazani. Walisoma Biblia moja, vichwa vimegusana, kidole cha baba na kidole cha mama kwenye mstari mmoja. Mama, ambaye nilimjua kama mtu wa kununa, alianza kuimba akifua, na akawa mzuri ghafla, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Jumamosi saa tisa walikwenda pamoja kwenye maombi ya watu wazima. Baba aliniita kwa jina langu la ubatizo. Nilipomuuliza kwa nini haniiti tena Askari, alinishika kichwa kwa upole akasema, "Hiyo ilikuwa ya maisha ya zamani." Nikafahamu kwamba na mimi nilikuwa juu ya lile bati.

Shule ya Jumapili wakatufundisha habari za Akani, aliyeficha vitu vilivyokatazwa chini ya hema yake, Israeli nzima ikapigwa vitani, naye akapigwa mawe. Wenzangu walichora hema kwa kalamu za rangi. Mimi nilichora nyumba yenye bati. Nililala juu ya mrija ule kila siku nikiusikia mgongoni, nikiogopa mawe, na bado sikuutoa.

Ikafika Jumamosi moja mama alipokwenda peke yake, mkutano wa akina mama. Baba alibaki barazani na kazi. Nilipopita nikaona ameshika rekisini nyekundu, ile ile ya gari la maharusi, na sindano mdomoni. Moyo wangu ulipiga kwa furaha. Nilijua ameshindwa kuvumilia. Anashona ala mpya. Nikakaa karibu naye, nikangoja aniite anipime mkanda.

Akaiinua kuitazama. Ilikuwa pana na fupi. Akachukua Biblia ya mama pale kitini, akaivalisha ile rekisini, na ikaikaa sawasawa.

"Mama yako atafurahi?" akaniuliza.

Niliingia chumbani, nikainua godoro, nikarudi na mrija, nikauweka mapajani pake juu ya Biblia ya mama. Nilitaka achague.

Baba aligusa kichujio kile cha waya. Akauleta puani.

"Ulichomwa huu," akasema.

"Haukuchomwa."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

Alitazama barabarani, kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aokoke nilimwona ananiona. "Mama yako anarudi saa ngapi?" akauliza. Nikajua nimeshinda.

Kwa Mama Achom walishangilia, wakasogeza viti. "Barasa amerejea, banange," alisema yule dereva wa lori. "Yesu amekupea likizo?" Mama Achom hakucheka. Alimwekea maji moto, akanipa karanga, akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Nilikaa katikati ya magoti yake, mahali pangu. Lakini hakuinama kunitazama. Hakusimulia ng'ombe wala mwalimu. Alikunywa haraka, macho chini, kama mtu anayekunywa dawa. Nilimwambia, "Baba, ile ya kigugumizi." Hakusikia. Hata alipokwenda nyuma ya nyumba, alikwenda na mrija mkononi kama wale wengine. Hakuniambia shika.

Tulirudi kukiwa bado na mwanga. Mama alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni, na Biblia yenye jalada jekundu ameikumbatia kifuani. Alikuwa ameiona, amefurahi, amekuja kumshukuru, na furaha ilikuwa bado haijamtoka vizuri usoni. Kisha harufu ikamfikia. Hakupiga kelele wala hakuuliza. Alirudi nyuma hatua moja, na mkono wa kulia ukaenda wenyewe kuushika wa kushoto, pale juu ya kiwiko, ukaufunika.

Ndipo nilipojua kwamba hakuwahi kuteleza.

Baba naye aliuona mkono ule. Alikaa chini palepale uani, kwenye vumbi, na suruali yake safi, akafunika uso. Hakuna aliyemgusa. Mimi nilisimama na mabaki ya karanga mkononi, sijui niende kwa nani.

Kesho yake kanisani alisimama kabla hajaitwa. "Ndugu zangu, jana nimekunywa," alisema. "Nilikunywa malwa kwa Mama Achom, kwa mrija yangu ya zamani."

Ndugu Musoke alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa mlokole wa kweli, na walokole wa kweli huuliza. "Ssebo, mrija tulichoma. Sisi wote tuliona. Hiyo ingine imetoka wapi?"

Nilikuwa benchi la nyuma kabisa, la watoto. Nilihisi mawe yote ya Akani yakiinuliwa. Baba hakugeuka kunitazama. Akasema, "Haikuchomwa. Niliificha mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Kanisa likaguna. Kulewa ni kuanguka, na kila mtu huanguka. Lakini kuficha kitu na huku unakishuhudia motoni, hilo ni jambo jingine, hilo ni Akani mwenyewe. Ndugu Musoke alilia alipotamka, "Ndugu yetu atakaa nyuma kwanza. Asiimbishe, asishuhudie, mupaka Bwana atengeneze moyo yake. Kikulacho kiko nguoni mwako, bambi." Baba akaokota kofia yake akatembea kutoka mbele mpaka nyuma, watu wakimpisha, akaja kukaa kwenye benchi la watoto, pembeni yangu. Magoti yake yalimfikia kifuani.

Alasiri ile alinitolea mrija, akanipa mikononi. "Shika," akasema, kama zamani. Nikaushika wakati yeye anawasha mkaa. Kisha akauchukua, akauvunja vipande vinne, akauchoma mpaka kichujio cha waya kikabaki peke yake. Hakuniuliza kwa nini. Hakuniuliza kamwe.

Sasa nitasema lile ambalo ni baya kuliko kuficha mrija. Miezi ile ya adhabu yake ilikuwa ya raha kwangu. Mama alikaa mbele na akina mama, na mimi nilikuwa na baba nyuma, wangu peke yangu, ibada nzima. Alinichorea vidole vya miguu kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu, aliniachia leso yake niikunje iwe panya. Neno langu moja lingemtoa pale. Ningesimama tu niseme ni mimi. Badala yake, Ndugu Musoke akiita maombi kwa ajili ya walioanguka, nilifumba macho nikaomba wasimsamehe baba yangu. Niliomba kwa bidii, vidole vimefungamana, na akina dada wa kanisa walisifu jinsi mtoto yule anavyomlilia baba yake.

Walimrudisha mvua zilipoanza. Alikwenda mbele, mama akampokea, wakashikana mikono hadharani. Hakunywa tena mpaka anakufa. Na mimi nilikaa kimya, kwanza kwa woga, baadaye kwa aibu, mwisho kwa mazoea tu.

Wiki moja baada ya mazishi nilikuwa barazani na mama, tunamenya matoke. Biblia yake ilikuwa kitini, rekisini imepasuka kwenye kona lakini nyekundu bado. Visu vilikuwa vinasema vyenyewe. Nikaona nikiondoka siku ile bila kusema, sitasema tena.

"Mama," nikamwambia, "ule mrija. Ni mimi niliyeuficha."

Hakuacha kumenya. "Najua."

"Alikuambia?"

"Angeniambia ningepumzika." Alitupa ganda. "Ufito ya pazia yako niliitafuta nyumba nzima. Halafu Jumatatu ile, kesho yake baada ya yeye kuungama, nikageuza godoro yako niianike, chini inanuka malwa. Nikajua."

"Mbona hukusema? Hata kanisani, alipokaa nyuma muda wote ule?"

"Nilingoja aseme yeye." Sasa aliweka kisu chini, akajifuta utomvu wa ndizi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na mkono wa kushoto haukunyooka vizuri kama ambavyo haujawahi kunyooka tangu uvunjike. "Baba yako tangu aokoke aliniambia yote. Mengine ni afadhali asingeniambia. Wanawake aliniambia. Wizi wa shuleni aliniambia. Hata ndoto. Nikawa nasema, leo akiomba atataja mtoto, leo atataja. Miaka yote hiyo. Hata hospitali, sauti imekwisha, nikamuinamia nikamuuliza, Barasa, ule mrija ulitoka wapi? Unajua alinijibu nini?"

Nilijua.

"Akanijibu, niliificha mimi. Mlokole mzima, anaenda kumwona Bwana wake, na uongo mdomoni, kwa ajili yako." Akachukua ndizi nyingine, akaitazama bila kuikata. "Nilikuonea wivu, mwanangu. Mpaka leo nakuonea."